Kilo ya Kompyuta na Lumbesa ya Njombe

Wako wataalamu wa uchumi waliotaka kuujua mwenendo wa binadamu asiyewekewa serikali, mahakama wala polisi. Kwa kuwa watu wa namna hiyo hawapatikani, waliwaumba ndani ya kompyuta. Mwaka 1996 Joshua Epstein na Robert Axtell wa Marekani walichapisha kitabu juu ya ulimwengu wao wa sukari: uwanja wa miraba, na viumbe wenye macho na njaa, kila mmoja akiiendea sukari iliyo nyingi kadiri aonavyo. Hapana mfalme, na bado wakatokea matajiri wachache na mafukara wengi. Lilipoongezwa zao la pili, viungo, viumbe wale wakaanza kubadilishana, na bei ikazuka bila ya mtu kuitangaza.

Natija hiyo ina utamu wake. Lakini na ipelekwe Makambako, pale ambapo reli ya TAZARA na barabara kuu iendayo Zambia hukutana na njia ya Njombe na Songea. Viazi mviringo vya nyanda hizo hushuka hadi pwani kwa magunia, na gunia ndilo chanzo cha ugomvi. Mnunuzi hudai lumbesa: gunia lijazwe kupita mdomo wake, lifungwe kwa kamba likiwa na kichuguu juu, kisha lilipwe kwa bei ya gunia moja. Sheria inakataza, ikiweka ukomo wa kilo 100, na Wakala wa Vipimo huwasaka wakaidi. Lakini mkulima ambaye viazi vyake vimekwisha kuchimbwa, na lori linangoja pembezoni mwa shamba, atamshitaki nani? Akikataa yeye, jirani atakubali.

Katika biashara ya ulimwengu wa sukari hakuna lumbesa. Kipimo kimoja ni kimoja kwa wote, si kwa uadilifu wa viumbe wale, bali kwa kuwa hawakupewa njia ya kupunja. Taasisi basi haikuondolewa. Imehamia mkononi mwa mwandishi wa programu, aliye hakimu na mpimaji pamoja. Wazee wa pwani, waliopima nafaka kwa kibaba na pishi, wasingelipitwa na jambo hilo: kwao pishi ya mfuto na pishi ya kilele hazikuwa kitu kimoja.

Yamkini kuandika programu nyingine, viumbe wake wakiachiwa kulijaza gunia watakavyo, nayo ingefundisha zaidi. Lakini hata hiyo itahitaji kilo ya kweli mahali fulani, ili ijulikane nani kapunjwa na kwa kiasi gani. Na mkulima wa Njombe asiye na mzani shambani hana hata hiyo.