Kabla ya Kumpima Mtu

Mwaka 1796, katika kituo cha kuchunguza nyota cha Greenwich, Nevil Maskelyne alimwachisha kazi msaidizi wake, David Kinnebrook, kwa kuwa nyakati alizoandika zilipishana na za bwana wake kwa karibu sehemu nane za kumi za sekunde. Miaka mingi baadaye Friedrich Bessel alionyesha kwamba hata wanafalaki hodari hupishana hivyo. Maskelyne alikuwa amejifanya mizani, na mizani haikupimwa.

Leo hukumu ya namna hiyo tumeikabidhi kompyuta. Mshiriki wa jaribio huona picha, hubonyeza kitufe, na programu huandika milisekunde alizotumia. Lakini skrini ya kawaida hujichora upya mara 60 kwa sekunde, yaani kila baada ya milisekunde 16.7 hivi, na picha haina budi kungoja zamu yake. Kibodi nayo husomwa kwa vipindi, mara nyingi kila milisekunde 8. Kwa hiyo mtafiti mwangalifu hubandika kihisi cha mwanga kwenye skrini, akalinganisha wakati unaodaiwa na programu na wakati ambao mwanga ulitokea kweli.

Je, huo ni wajibu wa kimaadili, au ni unadhifu wa kifundi tu? Wapo wasemao kwamba ucheleweshaji usiobadilika hujifuta mtu anapolinganishwa na nafsi yake, na ule unaoyumba hufifia jaribio likirudiwa. Ni kweli, ila hoja hiyo ina mpaka. Kundi moja likipimwa kwa mashine mpya na jingine kwa mashine kuukuu, hitilafu ya mashine husomwa kuwa tofauti ya watu, na kurudia mara elfu hakuiondoi.

Johannesburg inaijua gharama ya kusoma watu hivyo. Katikati ya jiji hilo, mtaa wa Hollard, Chamber of Mines iliendesha shughuli za migodi ambayo mawakala wake waliitafutia vibarua hadi Tanganyika. Mwaka 1946 ilianzishwa jijini humo National Institute for Personnel Research, chini ya Simon Biesheuvel. Taasisi hiyo ilitunga majaribio ya vitendo kwa wachimbaji waliozungumza lugha nyingi, maelekezo yakitolewa kwa filamu isiyotegemea maneno, na alama zikatumika kuwagawia kazi. Biesheuvel hakuwa mjinga wa mizani: katika *African Intelligence*, 1943, alihoji vikali majaribio yaliyodaiwa kuthibitisha uduni wa akili ya Mwafrika. Hata hivyo, sheria ya migodi iliyorekebishwa mwaka 1926 ilikuwa imekwisha kuwafungia Waafrika kazi za ufundi zenye vyeti. Aliyepata alama za juu kabisa aliishia kwenye mlango uleule.

Basi usahihi wa saa si haki. Saa sahihi huweza kumtumikia dhalimu kwa uaminifu mkubwa. Lakini ni deni. Anayepimwa hana njia ya kuikagua mashine inayomhukumu, anayepima anayo. Uwezo huo wa upande mmoja ndio unaozaa wajibu. Mtafiti anayetangaza kasi ya mtu na atangaze pia ucheleweshaji wa chombo chake, kisha aseme alama hizo zitamfungulia nani mlango, na nani ameshafungiwa.