Mtoto wa miaka mitatu si mwanafunzi wa darasa la kwanza



Ndugu Waislamu, hapa Songea mama muuguzi, mama mwalimu na mama mwenye genge Majengo wote wanatoka asubuhi. Mtoto anabaki na nani? Wengi wanaachiwa binti wa kazi ambaye naye bado ni mtoto. Wengine wanapelekwa kituo cha kulelea watoto mchana, na hapo ndipo wapo wanaosema barazani kwamba huko ni kuiga Wazungu. Hoja hiyo haisimami. Mtume (S.A.W.) mwenyewe alilelewa na Bibi Halima katika Bani Saad, mbali na mama yake mzazi. Suala ni huyo mlezi anamlea mtoto vipi.

Uislamu unatambua kwamba umri una hatua. Qur'an imetaja kunyonyesha miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza (2:233), na Mtume (S.A.W.) ameagiza mtoto aamrishwe swala afikapo miaka saba. Wataalamu wa afya nao wanatuambia kwamba mtoto wa miezi tisa kwa kawaida anakaa mwenyewe, kufikia mwaka mmoja na nusu anatembea, na wa miaka miwili anaunganisha maneno mawili. Asipofikia hapo, apelekwe kliniki. Nimemuona mtoto aliyesomewa ruqya kwa miezi kadhaa kwa sababu haongei, kumbe hasikii! Ruqya ni Sunna, lakini kupima masikio hakuipingi.

Sasa tuingie ndani ya vituo vyetu, na madrasa zetu nisiziache. Watoto wa miaka mitatu wamebanana kwenye madawati tangu saa mbili asubuhi, wanakariri herufi, na fimbo iko mezani. Mzazi akiona daftari limejaa anafurahi, anasema ada yake haikupotea. Mimi ni mwalimu na nasema imepotea. Kidole kinachofinyanga udongo na kupanga vizibo vya soda ndicho kitakachoweza kushika kalamu baadaye. Mtoto anayebishana na mwenzake juu ya mpira wa makaratasi anajifunza lugha na kusubiri zamu. Abu Umair, mdogo wake Anas bin Malik, alikuwa na kindege chake, na Mtume (S.A.W.) akawa anamuuliza habari za kindege hicho. Kiongozi wa umma anazungumza na mtoto juu ya ndege! Mlezi wa kituo anayezungumza na watoto namna hiyo, akawauliza na kusubiri jibu, anafanya kazi kubwa kuliko anayewakaririsha.

Lipo pia suala la chakula. Mkoa wetu wa Ruvuma unalisha mikoa mingine mahindi, lakini utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionesha udumavu kwa watoto wa chini ya miaka mitano ni asilimia 30 nchini, na Ruvuma tuko juu ya hapo. Ghala limejaa, mtoto anapewa uji wa sembe tupu. Udumavu huanzia tumboni na katika miaka miwili ya mwanzo, hivyo kituo hakiwezi kurekebisha kila kitu, lakini uji wenye karanga au dagaa si jambo dogo.

Serikali ilizindua Desemba 2021 programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto. Sisi tunangoja nini? Vyumba vya madrasa nyingi vinakaa vitupu asubuhi hadi adhuhuri, na akina mama wenye subira na watoto tunao. Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka kituo kisajiliwe, kwa hiyo kamati ya msikiti ikitaka kuanza, ianzie kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa Manispaa, kisha ijenge choo cha watoto na kuzungushia uwanja uzio. Madawati yangoje.