Mkulima wa Chumbani

Kijana mmoja wa nchi yetu aliyeko masomoni Ujerumani ametuandikia barua ya kurasa nne, na kwa kuwa swali lake lawahusu wazazi wengi kuliko wanavyodhani, twaona yafaa tulijibu hapa mbele ya wote. Asema kwamba katika pembe ya chumba alichopanga, mahali palipokuwa na kabati la nguo, amesimamisha hema dogo la kitambaa kizito cheusi, na ndani yake ameotesha miche mitatu ya bangi, ya aina ile iitwayo sativa. Asema havunji sheria. Asema tena kwamba hajapata kufanya kazi yoyote kwa uangalifu namna hii, na kwamba tangu aanze amekuwa mtu wa saa na utaratibu, yeye ambaye nyumbani alisifika kwa uvivu. Kisha auliza: "Mhariri, kosa langu li wapi?"

Swali lililoulizwa kwa heshima lastahili jibu la heshima. Hatutaanza kwa kumkemea.

Habari ya sheria ni kweli kama asemavyo. Tangu tarehe 1 Aprili 2024 sheria ya Ujerumani yamruhusu mtu aliyetimiza miaka 18, na ambaye amekaa nchini humo walau miezi sita, kuwa na mimea mitatu ya bangi nyumbani kwa matumizi yake mwenyewe. Aweza kuweka nyumbani gramu 50 za bangi kavu, na kutembea na gramu 25. Afrika ya Kusini ilikuwa imetangulia: tarehe 18 Septemba 2018 Mahakama ya Katiba ya huko iliamua kwamba mtu mzima akilima na kuvuta faraghani, kwa ajili yake mwenyewe, asihesabiwe mhalifu. Hapa kwetu Tanzania mambo ni mengine kabisa. Sheria ya mwaka 2015 yakataza kilimo hicho, na mashamba ya Arumeru yamefyekwa na kuchomwa mara kadhaa katika miaka ya karibuni. Msomaji aliyeko hapa asiyachukue maneno yetu kuwa ruhusa. Lakini kijana wetu hayuko Arumeru. Angalikuwa huko, tungalimjibu kwa mstari mmoja wa sheria na kulala usingizi. Kwa kuwa yuko alipo, sheria yatunyima jibu jepesi, na hatuna budi kufikiri.

Yatupasa kwanza kuielewa kazi yenyewe, maana aisifuye bidii yake haifai kujibiwa na mtu asiyejua bidii hiyo ni ya nini.

Mbangi ni mmea wa jua. Linnaeus, bingwa wa elimu ya mimea wa Uswidi, aliuandika kwa jina la Cannabis sativa mwaka 1753, na hilo neno sativa katika Kilatini lina maana ya kitu kilichopandwa kwa mkono wa mtu. Wakulima wa siku hizi walitumia kwa ile aina ndefu, yenye majani membamba kama vidole, iliyozoea nchi za joto. Mmea huu huhesabu saa za giza. Usiku ukirefuka, hutambua kwamba majira yanageuka, ndipo huanza kuchanua. Sasa fikiri: Dar es Salaam, tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote ya mwaka na mchana mfupi kuliko yote haifiki saa moja. Mbangi wa nchi kama hizi haukujifunza haraka. Huchanua polepole, na huendelea kurefuka hata wakati wa kuchanua. Berlin, mwezi wa Juni mchana hukaribia saa 17, na mwezi wa Desemba haufiki saa 8. Sativa iliyopandwa nje huko mara nyingi hukutwa na baridi kabla maua yake hayajakomaa. Kwa sababu hiyo kijana ameingiza shamba ndani ya nyumba, akalitengenezea jua lake na usiku wake.

Mbegu zilikaa katika kitambaa chenye maji siku tatu mpaka zikapasuka. Akazitia katika vyungu. Wiki kadhaa aliwasha taa saa 18 kila siku, ili miche ikue bila kufikiri habari ya maua. Ilipofika magotini akapunguza mwanga hata saa 12, na hapo kazi ikawa ngumu zaidi, kwa kuwa giza la saa 12 zilizobaki sharti liwe giza kamili. Nuru ikipenya kila usiku, mmea hushindwa kujua umo katika majira gani. Ana feni ya kupitisha hewa, na kichujio cha makaa cha kuzuia harufu. Matawi ameyainamisha kwa nyuzi, maana sativa ikianza kuchanua yaweza kuongeza urefu wake mara mbili, na dari haisogei. Kati ya miche mitatu mmoja ulikuwa dume. Aliung'oa siku ile ile alipoutambua. Chavua ya dume ikiwafikia majike, nguvu yao huenda kwenye mbegu. Jike lisilopata chavua huzidi kutoa ulimbo, na ndani ya ulimbo huo mna ile THC ileweshayo, ambayo umbo lake lilifumbuliwa mwaka 1964 na wataalamu Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni huko Israeli. Alipotuandikia, majike mawili yaliyosalia yalikuwa katika wiki ya tatu ya maua. Sativa yataka wiki kumi, pengine hata kumi na nne.

Tumeyaeleza haya kwa urefu kwa makusudi. Mtu awezaye kuyatenda miezi mitano mfululizo si mvivu. Kuamka kabla ya alfajiri kutazama kama taa imezimika, kupima maji, kugeuza kila jani kutafuta wadudu, ni mambo ambayo mabwana shamba wetu wamehubiri miaka mingi, wala hawakusikilizwa na wote.

Je, hiyo ni fadhila? Hapa ndipo swali lake lilipo, ingawa yeye alidhani liko katika bangi. Mtakatifu Agostino alifundisha kwamba fadhila ni kitu ambacho mtu hawezi kukitumia vibaya. Vitu vingine vyote vyema, nguvu, akili, ustadi wa mikono, vyaweza kugeuzwa upande wowote. Mwizi naye huamka usiku, naye hupima hatua zake. Twamstaajabia ustadi wake, lakini hatumwiti mtu mwenye bidii. Hatusemi kijana huyu ni mwizi, hasha! Twasema tu kwamba uangalifu wake wangoja kuulizwa: wewe wamtumikia nani?

Katika mashamba yote tuyajuayo, mkulima hutazama nje. Hutazama mawingu, hutazama ng'ombe wa jirani wasivunje ua, huhesabu vinywa vitakavyokula. Mavuno ya kwanza hayaliwi na mlimaji peke yake. Mahindi mabichi hupelekwa kwa shangazi, kwa jirani mgonjwa, kwa padre. Na zao la kijana wetu? Sheria ile ile inayomruhusu yamkataza kumpa mtu mwingine hata ua moja la bangi aliyoilima nyumbani. Tena mmea mmoja ulionawiri waweza kumpa zaidi ya hizo gramu 50 alizoruhusiwa, na ziada yampasa kuiharibu. Tumejaribu kukumbuka zao jingine ambalo mkulima akibarikiwa sana yambidi achague kati ya kulitupa na kuwa mhalifu, tusilipate. Wala hatuwalaumu waliotunga sheria hiyo. Walikuwa na sababu, nayo ni kwamba walijua kitu hiki kikitoka mlangoni huwafikia watoto.

Tusiseme uongo, hata hivyo, kwa ajili ya kushinda hoja. Hatusemi kosa li katika taa. Wapo wakulima wa nchi za baridi wanaokuza saladi chini ya taa, wakala na watoto wao. Hatusemi ni jambo baya kuunyima mmea mbegu. Ndizi tulazo kila siku hazina mbegu, na hakuna aliyeungama kwa kula ndizi. Na kijana ametupiga mahali penye jeraha aliposema: "Mbona pombe hamuikemei hivi?" Ni kweli. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba pombe ilisababisha vifo milioni 2.6 mwaka 2019. Katika harusi zetu, hata katika ubatizo, wapo baba wanaobebwa kurudi nyumbani. Mzazi anayemkemea mwanawe kwa bangi huku yeye anayumba hana la kusema, na mwana aliyenyamaza mbele yake hakunyamaza kwa kusadiki. Lakini uovu wa kibuyu kimoja haukitakasi kibuyu cha pili.

Juu ya afya pia tuseme kwa kiasi. Wazee wetu walitutisha kwamba avutaye mara moja hurukwa na akili. Si hivyo, wengi hawarukwi. Ila mwaka 2019 wachunguzi walioongozwa na Marta Di Forti wa King's College London walitangaza matokeo ya uchunguzi uliofanyika katika vituo 11 vya Ulaya na Brazil: waliovuta kila siku bangi kali, yenye THC ya asilimia 10 au zaidi, walikuwa na hatari ya kupatwa na saikosisi, yaani maradhi ya akili ya kuona na kusikia yasiyokuwapo, karibu mara tano kuliko wasiovuta kabisa. Na bangi ya chumbani, jike lisilopata chavua na lililolishwa vizuri, ndiyo kali.

Kijana aijua Katekisimu. Ameandika mwenyewe kwamba yakataza dawa za kulevya isipokuwa kwa tiba. Haombi tumtajie amri, aomba sababu. Sababu tumeipata katika barua yake, wala si katika vitabu.

Kurasa tatu na nusu za barua hiyo ni habari za miche. Mistari michache tu, karibu na mwisho, yamhusu yeye. Asema huvuta usiku bangi aliyoipata kwa rafiki, akingoja ya kwake, kwa sababu ukimya wa majira ya baridi wamshinda, na kwa moshi huo hausikii. Halafu asema jambo jingine, kama kwa kupitia tu. Mwenye nyumba anayo mtoto wa kiume wa miaka kumi na mmoja, ambaye zamani alizoea kubisha hodi jioni akafundishwe maneno ya Kiswahili. Alikuwa amefika kwenye kuhesabu hata mia. Siku hizi mlango hufungwa kwa ufunguo, kwa kuwa sheria yataka mimea ilindwe watoto wasiifikie. Na mtoto, baada ya kubisha mara kadhaa bila kufunguliwa, ameacha kuja.

Tuliposoma hapo tuliiweka barua mezani. Mtu mmoja mgeni, mpweke, alikuwa na mwenzake mmoja katika nyumba nzima. Akamfungia nje ili alinde dawa ya upweke. Halikufanyika kwa ubaya, lilifanyika kwa kutii sheria! Sheria imemwambia kwa haki kabisa kwamba vitu viwili hivi havikai chumba kimoja, mtoto na mimea, naye amechagua bila kujua kwamba alikuwa akichagua.

Mwanetu, hatuna uwezo wa kuingia chumbani mwako, wala hatuutaki. Ila twakuuliza jambo moja, ulijibu mbele ya dhamiri yako: wapenda kulea, au wapenda moshi? Kama wapenda kulea, hema hilo hilo, taa hiyo hiyo na feni hiyo hiyo vyatosha kwa nyanya na pilipili, na ufunguo hautahitajika. Mkono uliozuia sativa isifike darini hautashindwa na mchicha. Kama ukijaribu ukaona nyanya hazikuamshi alfajiri, basi utakuwa umejifunza kwamba aliyekuwa akikuamsha si bidii, na hilo ni heri ulijue ungali kijana na maua hayajakomaa. Huko vyuoni wapo waganga na washauri wanaosaidia watu wasiolala usingizi. Kwenda kwao si aibu.

Limebaki ombi aliloliandika chini kabisa, baada ya sahihi yake. Polisi wa Ujerumani hawamtishi, na jirani zake wajua. Lakini atusihi tusitaje jina lake, wala mji anaosoma, wala parokia alikobatizwa, kwa sababu mama yake husoma gazeti hili kila Jumapili baada ya Misa. Ombi hilo tumelitimiza.