Mgonjwa Haulizwi Uji: Kalamu ya Daktari na Mfuko wa Mgonjwa

Wahenga walinena kwamba mgonjwa haulizwi uji. Maana ya methali hii tunaifundisha madarasani mwaka hata mwaka: aliye kitandani hangojwi aseme anataka nini, bali hupikiwa, akainuliwa, akanyweshwa. Ni methali yenye huruma. Hata hivyo, ndani yake mna sharti moja ambalo halitamkwi. Katika nyumba inayosimuliwa na methali, anayeamua kwamba uji upikwe ndiye mwenye unga. Huruma na gharama zimo katika mkono mmoja. Makala haya yanakusudia kuuliza: je, methali hii husimama pale ambapo mwenye kuamua ni mmoja na mwenye unga ni mwingine?

Hospitalini ndivyo mambo yalivyo. Ni machache sana yanayotendeka humo bila kalamu ya tabibu. Yeye ndiye aandikaye kipimo cha damu au picha ya eksirei. Ndiye aamuaye kwamba mgonjwa alazwe au arudi nyumbani, atibiwe kwa vidonge au kwa sindano, apasuliwe au angojewe, apelekwe hospitali kubwa au abaki zahanati. Kila neno katika cheti lina bei yake, na bei hiyo haimwangukii aliyeandika. Humwangukia mgonjwa, au jamaa zake, au mfuko wa bima, au hazina ya serikali. Mwaka 1963 mwanauchumi Mmarekani, Kenneth Arrow, aliandika kwamba matibabu si bidhaa kama bidhaa nyingine, kwa kuwa mnunuzi hajui anachohitaji, na hana budi kumwamini yule yule anayemuuzia. Anunuaye viazi sokoni huvipima kwa macho. Anunuaye tiba hupima kwa imani.

Tuutazame mpaka wa Uganda na Kenya, pale Busia na Tororo. Mji wa Busia umekatwa na mpaka, nusu Kenya na nusu Uganda. Tororo, chini ya jabali lake mashuhuri, i karibu na kivuko cha Malaba. Wasamia na Wateso wamo pande zote mbili, na homa inayowashika ni moja. Ila taratibu za kulipia matibabu ni mbili. Upande wa Uganda, ada katika vituo vya serikali zilifutwa mwezi Machi 2001, isipokuwa katika wodi za kulipia za hospitali kubwa. Upande wa Kenya, wananchi walianza kuchangia gharama mwaka 1989; mwaka 2004 mchango ukapunguzwa kuwa shilingi 10 katika zahanati na shilingi 20 katika vituo vya afya; na mwaka 2013 ada hizo zikafutwa. Bima ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1966 nayo ilifikia mwisho wake mwezi Oktoba 2024, mamlaka mpya ya afya ya jamii ilipoanza kazi.

Mtu angeweza kudhani kwamba ada ikifutwa, suala letu limekwisha. La, hasha. Dawa ikikosekana katika stoo ya serikali, tabibu huandika karatasi, na mgonjwa huipeleka karatasi hiyo katika duka la dawa lililo ng'ambo ya barabara. Kumwona tabibu ni bure, lakini alichokiandika si bure. Sheria inaweza kuondoa bei mlangoni. Haiwezi kuiondoa kalamuni.

Mfano ulio wazi zaidi ni malaria, maana Tororo ni miongoni mwa sehemu ambazo ugonjwa huo umeenea mno, na watafiti wameuchunguza huko kwa miaka mingi. Kwa muda mrefu kila homa iliitwa malaria, na kila malaria ilipewa klorokwini. Ingawa kosa hilo lilikuwa la kitabibu, gharama yake ilikuwa ndogo, kwa kuwa klorokwini ilikuwa rahisi sana. Vimelea vilipoizoea, Uganda na Kenya zote mbili ziliamua mwaka 2004 kuhamia dawa mseto, ambayo bei yake halisi ilikuwa zaidi ya mara kumi ya ile ya kwanza. Tangu hapo, kukisia kukawa ghali. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likashauri kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza, na kipimo kidogo cha tone la damu kikafika hata zahanati za vijijini.

Lakini imeandikwa mara nyingi na watafiti wa Afrika Mashariki kwamba majibu yalionyesha hakuna malaria, na tabibu akaandika dawa ya malaria vivyo hivyo. Mgonjwa wa namna hiyo amepoteza mara tatu: amegharimia dawa asiyoihitaji, ugonjwa wake wa kweli haujatafutwa, na dawa hiyo imepungua kwa mtoto wa jirani aliyekuwa akiihitaji kweli.

Yafaa tujihadhari tusimhukumu tabibu kwa haraka. Si kila kalamu ghali imeshikwa na mkono wenye tamaa. Mara nyingi iliyopo ni hofu, yaani hofu ya kumrudisha nyumbani mtoto ambaye usiku atazidiwa. Mara nyingine ni mazoea, au ni mgonjwa mwenyewe anayeona kwamba bila sindano hajatibiwa. Mara nyingi pia anayeandika si daktari bali ni afisa tabibu au muuguzi, naye foleni inamngoja nje. Hata hivyo, tamaa nayo ipo, na ulimwengu umeijua zamani. Katika karne ya 13 Mfalme Frederick II wa Sicily alikataza waganga kushirikiana kibiashara na wauza dawa. Nchini China, hospitali za umma zilikuwa zikiongeza asilimia 15 juu ya bei ya dawa, na faida hiyo ikawa sehemu ya riziki yao, mpaka ilipofutwa katika hospitali zote za umma kufikia mwaka 2017. Funzo ni moja: usimtie mtu mwema katika mahali ambapo kila neno aandikalo humletea fedha, kisha ukamtaka asiandike sana.

Sasa tufike penye kiini cha maadili. Wako wasemao kwamba daktari hapaswi hata kidogo kufikiri juu ya fedha. Kazi yake ni mwili wa mgonjwa, na mwili hauna bei. Kauli hii inapendeza kuisikia, lakini haitoshi. Tuchukue mfano wa mama aliyeandikiwa dawa tatu, naye ana fedha za dawa moja na nusu. Atafanya nini? Atanunua nusu ya kila moja, au atanunua ile ambayo muuzaji amemchagulia. Daktari aliyekataa kufikiri juu ya bei hakuiondoa bei. Ameikabidhi tu kwa asiyejua tiba. Uchaguzi uliopaswa kufanywa na mwenye elimu umefanywa dirishani pa duka. Kwa hiyo gharama ni sehemu ya tiba yenyewe, kama vile uzito wa mtoto ulivyo sehemu ya kipimo cha dawa.

Wako pia wanaokwenda upande wa pili, wakamtaka daktari awe mlinzi wa mfuko. Hapo nako pana shimo. Daktari akianza kukisia mfuko wa mgonjwa kwa kutazama viatu vyake, basi maskini atafichwa tiba bora bila ya kuambiwa kwamba ipo. Huo ni udhalimu uliovaa vazi la huruma. Uhaba ukiwapo, kanuni ya kugawa haifai kuwa siri ya mtu mmoja chumbani. Na iandikwe mbele ya watu wote. Mwaka 1977 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu, zipatazo 200, zikitajwa kwa majina yake ya kitabibu badala ya majina ya makampuni. Orodha kama hiyo humpunguzia daktari upweke wa kuamua, na humpa mgonjwa haki ya kuuliza kama ipo dawa ile ile kwa jina lisilo ghali.

Ndipo lugha inapoingia, na hapa walimu wenzangu tusijitoe. Mgonjwa hawezi kuuliza asichoambiwa kwa lugha anayoielewa. Mpakani pale daktari amesoma kwa Kiingereza, na mgonjwa amelelewa kwa Kiteso, Kisamia au Kijopadhola. Kinachoweza kuwakutanisha mara nyingi ni Kiswahili, ambacho Katiba ya Uganda ilikitambua mwaka 2005 kuwa lugha rasmi ya pili. Sentensi tatu zinatosha: kipimo hiki ni cha kutafuta nini, dawa hii ina mwenzake wa bei nafuu au haina, tukingoja siku mbili patatokea nini. Atakayezisema hajapunguza utaalamu wake, na atakayezisikia hageuki kuwa daktari. Kilichobadilika ni kwamba mwenye unga ameshirikishwa.

Turudi kwenye methali. Aliyezimia, mwenye kuvuja damu, na mtoto mwenye degedege hawaulizwi uji. Na apikaye asisite wala asihesabu. Lakini wagonjwa walio wengi huingia kwa miguu yao, wakiwa na akili zao timamu na fedha zao chache zilizofungwa katika pindo la leso. Hao na waulizwe. Yafaa hoja hii tuwape wanafunzi wa vidato vya juu waijadili: “Daktari asiyejali bei ya dawa hajamaliza kutibu.” Na waitetee kwa zamu na kuipinga kwa zamu, maana baadhi yao ndio watakaoishika kalamu hiyo kesho, na wote watakuja kusimama siku moja mbele yake.