Picha Iliyosimama na Mkono Uitembezao

Picha ya mnato hukamata nukta moja ya wakati na kuishikilia. Mtu aliyepigwa picha akicheka huendelea kucheka ukutani hata baada ya kuzikwa. Nayo sinema, kwa asili yake, si kitu kingine ila picha za namna hiyo zifuatanazo upesi: 24 kwa sekunde, yaani 1,440 kwa dakika moja. Swali letu ni hili: msanii azitembezapo picha hizo kwa kompyuta, ni nani asemaye, mtu au mashine? Tena, ana wajibu gani kwa wale waliomo pichani?

Katika kompyuta picha ni jamvi la nukta, na rangi ya kila nukta kwa kawaida huandikwa kwa namba tatu, kila moja kuanzia 0 hadi 255. Msanii hutunga programu, yaani mfululizo wa amri: ongeza namba hizi, punguza zile, changanya nusu ya picha hii na nusu ya ile. Mwaka 2001, huko Marekani, Casey Reas na Ben Fry walianzisha Processing, lugha ya programu itolewayo bure kwa ajili ya wasanii na wanafunzi.

Wapo wasemao kuwa kazi ya hesabu si sanaa. Hao hawajamtazama msuka ukili. Naye huhesabu miyaa, akipandisha mmoja na kushusha mwingine, na kosa moja la hesabu huharibu ua zima la mkeka. Hesabu haimwondoi msanii. Ni mkono wake. Hata aiamurupo mashine ibahatishe, mipaka ya kubahatisha ameiweka yeye. Basi sifa ni yake, na lawama ni yake.

Mwaka 1962 Mfaransa Chris Marker alitoa filamu ya dakika 28 hivi, La Jetée, iliyoundwa karibu yote kwa picha za mnato. Mara moja tu, kwa muda mfupi, picha inatembea: mwanamke aliyelala anafumbua macho. Kufumbua huko kuna uzito kwa sababu mengine yote yameachwa yatulie. Kompyuta yaweza kutembeza kila kitu. Ndiyo maana msanii hana budi kuchagua kipi akiache.

Sasa fikiria picha mbili za babu mmoja, ya ujanani na ya uzeeni. Programu yaweza kujaza katikati nyuso mia moja. Lakini babu hakuwa na hata uso mmoja kati ya hizo. Zimezaliwa na hesabu. Njaa, misiba na furaha ya mavuno vilivyouchonga uso wake havimo. Kuzionyesha kama ushahidi ni kumsingizia mtu asiyeweza tena kujitetea.

Mtu aweza kujibu kuwa sanaa haikuapa kusimulia yaliyotokea tu. Ni kweli. Lakini wazee wetu hawakuanza ngano bila kusema “Paukwa!” na kungoja “Pakawa!” Kwa neno hilo msikilizaji alijua kuwa anaingia katika ubunifu, naye akaingia kwa ridhaa yake. Kijana atungaye filamu kwa programu na awe huru kubuni atakavyo. Ila filamu yake nayo iwe na paukwa yake.