Mgeni na Desturi za Wenyeji

Je, mtu akienda kukaa katika nchi ya watu, yampasa kuziacha desturi za wazee wake? Swali hili si geni kwa watu wa Fizi na Baraka. Tangu vita vya mwaka 1996 wengi wao wamelivuka ziwa la Tanganyika mpaka Kigoma, na wengine wamefika mbali zaidi, hata kambi ya Dzaleka katika nchi ya Malawi. Lakini swali hili humlemea hasa kijana aendaye ng'ambo kusoma chuo kikuu. Mkimbizi hukimbia na kufika alivyo. Mwanafunzi ameitwa, na kabla ya kupokelewa huketishwa chini na kufundishwa jinsi ya kukaa na wenyeji wake.

Jambo hili lina historia. Mwezi wa Septemba 1959 vijana 81 wa Afrika ya Mashariki, wengi wao Wakenya, walisafiri kwa ndege moja kwenda kusoma Marekani, katika mpango ulioongozwa na Tom Mboya. Nchini Kanada shirika la WUSC limekuwa likiwapokea wakimbizi katika vyuo vikuu tangu mwaka 1978. Fedha za kuwatunza hutoka kwa sehemu kubwa kwa wanafunzi wenyewe wa Kanada, ambao katika vyuo vingi hutoa kila mmoja kiasi kidogo pamoja na karo yake, kwa ajili ya mwenzao wasiyemjua.

Basi mtu amfikirie kijana wa Fizi aliyekulia kambini, naye amepata nafasi ya namna hiyo. Kabla ya safari anaingia darasani kwa siku chache pamoja na wenziwe. Wanafundishwa habari za baridi na mavazi, sheria za nchi, kodi ya nyumba, saa ya kufika kazini. Hayo hayana ugumu. Mtu huvaa koti na mambo yakaisha. Kisha mwalimu asema: mtu akizungumza nawe, hata akiwa profesa mwenye mvi, mtazame usoni. Hapo darasa linanyamaza. Kwao kijana husema na mzee macho yakiwa chini, naye hupokea kitu kwa mikono miwili. Kumkodolea baba macho ni kumtukana. Lakini huko aendako, aangaliaye chini hudhaniwa kwamba anaficha neno.

Afanye nini? Wako wazee wasemao kwamba kijana akishajifunza kutazama wakubwa usoni amekwisha kupotea. Maneno yao yasidharauliwe, maana wameona wengi waliorudi na makelele tu. Hata hivyo jambo hili liliulizwa zamani sana. Karne ya nne Monika, mama yake Agostino, mwenyeji wa Tagaste katika nchi iitwayo leo Aljeria, alimfuata mwanawe mpaka Milano. Alikuta watu wa huko hawafungi siku ya Jumamosi kama ilivyokuwa desturi aliyoizoea, akafadhaika. Agostino akaenda kumwuliza askofu Ambrosi. Naye akajibu kwamba yeye mwenyewe akiwa Roma hufunga Jumamosi, na akiwa Milano hafungi. Basi na wao wafuate desturi ya kanisa la mahali walipofika. Monika hakuacha kumheshimu Mungu kwa kula siku ile. Vivyo hivyo macho ni chombo cha heshima tu, nacho chombo hubadilika. Kijana amtazame profesa wake bila hofu, ili mradi moyoni amheshimu kweli.

Likaja fundisho lingine, nalo ndilo gumu. Mwalimu akaeleza kwamba huko mwanafunzi akichukua maneno ya kitabu na kuyaandika kama yake, ni mwizi, aweza hata kufukuzwa. Tena kumwonyesha jirani jibu katika mtihani ni kosa la wote wawili. Wengine darasani wakacheka. Methali za wazee ni za nani? Kila mtu huzisema. Na ndugu mliyekula naye bakuli moja la dagaa akikuomba jibu, ukamnyima, si uchoyo?

Hapa jibu la Ambrosi halitoshi, kwa kuwa hapa si desturi mbili zilizokutana. Mzee wa Kibembe atoapo methali husema, wahenga walinena. Hasemi kwamba ameitunga mwenyewe. Yeye naye hutaja mwenye mali. Na ampaye ndugu jibu hampi chake, maana cheti kile husema kwamba huyu anajua, kumbe hajui. Kesho atakuwa mganga hospitalini Baraka na mama mzazi atakuwa mikononi mwake. Basi ugeni ulimfunulia kijana kwamba jambo aliloliita undugu lilikuwa uongo hata nyumbani, ila lilikuwa limezoeleka.

Na si kila la wenyeji lapasa kuchukuliwa. Akikuta nyumba ambamo jirani hamjui jirani, hakuna sheria imkatazayo kubisha hodi na kuuliza hali. Labda atashangaliwa. Avumilie.

Limebaki jambo moja ambalo mafundisho ya siku zile hayakuligusa, nalo ni deni. Kanada humpa ruhusa ya kukaa daima. Hakuna karatasi imlazimishayo kurudi. Wale wanafunzi waliotoa fedha hawatamdai. Mama yake aliyebaki Baraka, auzaye unga wa muhogo sokoni, hatamdai pia. Akipigiwa simu atauliza tu kama mwanawe amekula. Siku ya mwisho kijana alikunja daftari lake. Ndani yake zilikuwamo kurasa nyingi juu ya kodi na baridi, na juu ya mama hapakuwa na mstari hata mmoja.