Ukuta na kijia cha chemchemi

Fundi kanipigia hesabu: tofali, saruji, nondo, na vibarua wa kupandisha mchanga, maana kwa milima hii ya Lushoto gari haifiki. Kibali cha halmashauri nitaomba. Kinachoninyima usingizi ni kijia. Kinakatiza shamba langu kushuka chemchemini, na kina mama wamekipita tangu babu hajajenga. Mpaka wetu ulikuwa masale. Yanasema hapa ni kwa fulani, lakini hayamzuii mtu mwenye ndoo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaniruhusu kuomba hati ya kimila yenye jina langu. Sawa. Na nyayo zao je, nazo zinakuwa zangu? Nimemwambia fundi aache upenyo wa mita moja, bila geti. Akacheka: "Sasa bosi, huo ukuta wa nini?"